Mwaka mmoja na kampuni ya usalama wa moto: tathmini kutoka jengo letu la Ilala

Jengo letu liko Ilala, lina ghorofa nne juu ya ile ya chini, na kama yalivyo majengo mengi ya upande huu wa Dar es Salaam, lina matumizi mchanganyiko. Chini kuna maduka ya vitambaa, wakala wa kutuma na kupokea fedha, na mama lishe mmoja anayepikia uani. Ghorofa ya kwanza ina chumba cha tuisheni ambacho jioni hujaa wanafunzi wa shule ya msingi, na kuanzia hapo kwenda juu tunaishi sisi wapangaji. Mimi ni katibu wa kamati ya jengo, na ndiye niliyesaini mkataba wa mwaka mmoja na kampuni binafsi inayokagua na kujaza mitungi ya kuzimia moto, kuangalia mipira ya maji ya kuzimia moto na vifaa vya kutambua moshi, na kufundisha watu namna ya kujiokoa. Kampuni hiyo sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya madai yetu bado tunayazungumza nayo mezani. Nitaieleza huduma yenyewe, ili kamati nyingine ikiletewa mkataba wa namna hii ijue ilipie nini na ikatae nini.

Kilichotufanya tuitafute hakihitaji maelezo marefu kwa mtu anayeishi mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo alilolibuni msanifu majengo Beda Amuli, liliungua. Asubuhi ya Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka hapo hapo Kariakoo huku watu wakiwa ndani, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wazee wetu wa jengo walikuwa bado hawajasahau Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36. Mikutano yetu, ambayo kwa kawaida huanza na bili ya maji na kuishia kwenye bili ya maji, ikaanza kuuliza maswali mengine.

Ni vizuri ieleweke mapema kwamba kampuni ya aina hii haishiki nafasi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi ndilo lenye mamlaka ya kisheria, tangu sheria ya mwaka 2007, ya kukagua majengo na kudai marekebisho, na moto ukizuka namba ya kupiga ni 114, haina malipo. Kampuni binafsi kazi yake ni kuhakikisha kwamba kati ya ukaguzi mmoja wa Jeshi na mwingine vifaa vyako vinafanya kazi, na kwamba zile dakika za kwanza, kabla gari halijapenya katikati ya bajaji na mikokoteni ya mtaa wetu, kuna mtu anayejua la kufanya. Muuzaji wa huduma akikuambia kwamba ukimlipa yeye umemalizana na serikali, mwombe akuandikie maneno hayo kwenye karatasi yenye muhuri, uone kama ataandika.

Nianze na mitungi, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyotufumbua macho na ndiyo iliyotuudhi pia. Mtoa huduma tuliyekuwa naye zamani alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, anabandika stika mpya, anapewa soda, anaondoka. Mitungi yetu kumi ilikuwa myekundu inayong'aa na mishale ya geji zote ilikuwa kwenye kijani, hivyo hatukuwa na sababu ya kushuku lolote. Siku ya kwanza fundi wa kampuni hii mpya aliushusha mmoja wa ngazini, akaupindua kichwa chini, akaniita niweke sikio. Mtungi wa unga ulio hai, ukiupindua, unga wake unateremka taratibu na unausikia ukitiririka kama mchanga ndani ya ndoo. Wetu ulikaa kimya, halafu kitu kizito kikaanguka mara moja, pu! Alipoufungua mbele ya kamati, unga ulikuwa umeshikana kama mfuko wa sementi ulionyeshewa. Presha ilikuwepo na geji haikuwa imesema uongo, lakini ungebana mpini ingetoka hewa na mtungi ukaishia hapo. Kati ya mitungi kumi, minne ilikuwa na hali hiyo, mmoja ukiwa ni ule wa nje ya mlango wa chumba cha tuisheni.

Kwa somo hilo peke yake ninaona ada ya ukaguzi ilikuwa halali. Fundi alituonyesha pia kwamba mtungi wa hewa ya ukaa, ule wenye mdomo mweusi mpana kama pembe tuliouweka karibu na meni swichi, hauna geji kabisa na hupimwa kwa mizani, uzito wake ukilinganishwa na ule uliogongwa kwenye chuma chake. Wetu miaka yote ulikuwa unapewa stika na watu waliokuja bila mizani. Alieleza kwamba pembe ile haishikwi kwa mkono mtupu wakati wa kutumia, kwa sababu baridi yake huunguza ngozi. Kuhusu ule wa unga wa kilo 6, alituambia kwamba ukiubana mfululizo haufikishi nusu dakika, hivyo anayepulizia ndimi za moto juu badala ya kufagia chini kabisa panapoungua atakuwa ameumaliza kabla hajafanya kazi yoyote. Mambo haya nilidhani ninayajua.

Udhaifu wa huduma ulianza pale mitungi ile minne ilipochukuliwa kwenda kujazwa. Tuliahidiwa siku mbili, ikarudi siku ya kumi na moja. Muda wote huo ngazini zilibaki ndoano tupu na duara jekundu ukutani, kwa sababu kampuni haikuacha mitungi ya muda wala mkataba haukuilazimisha kuacha. Nilipopiga simu niliambiwa mara foleni, mara unga umechelewa bandarini, mara dereva yuko njiani, na dereva huyo sijui alikuwa anatokea mkoa gani. Risiti ya mashine tuliipata baada ya kuiomba mara tatu. Aidha, maelekezo yaliyobandikwa kwenye mitungi iliyorudi yalikuwa ya Kiingereza kitupu, katika jengo ambalo wa kwanza kuufikia mtungi atakuwa mlinzi, mama lishe au mtoto wa darasa la sita. Tulidai stika za Kiswahili, zikaja baada ya mwezi, na kwa haki lazima niseme zilikuwa zimeandikwa vizuri, kwa herufi kubwa: vuta pini, lenga chini ya moto, bana mpini, fagia kushoto na kulia.

Mipira ya maji ilikaguliwa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Fundi aliomba tuzime umeme wa jengo zima kwanza, kisha akafungua mpira mmoja mmoja kuanzia chini. Chini maji yalitoka kwa nguvu, ghorofa ya pili yalipungua, na ya nne, iliyo hatua chache tu chini ya tenki la juu ya paa, yalidondoka kama bomba la zamu ya mgawo. Sababu ni nyepesi ukishaambiwa: pampu inayosukuma maji ya juu inatumia umeme ule ule unaozimwa moto unapozuka, na bila pampu maji yanategemea kimo cha tenki, ambacho kwa wakazi wa juu ni kama hakipo. Ripoti yao ilipendekeza pampu iwe na njia yake ya umeme isiyopita kwenye meni swichi ya jengo, na akiba ya zimamoto kwenye tenki isiguswe na matumizi ya kawaida. Hili la pili tumelitekeleza kwa kupandisha juu zaidi kwenye tenki tundu la kutolea maji ya majumbani, ili tenki likishuka hadi kiwango fulani sisi tukose maji ya kuoga lakini mpira usikose. La kwanza bado tunalichangia, na michango mnaijua.

Vifaa vya kutambua moshi vilikuwa sehemu dhaifu kuliko zote. Walivifunga sita, na kimoja wakakiweka kwenye korido inayopokea mvuke wa jiko la mama lishe. Kila asubuhi chapati zilipoingia kwenye kikaango king'ora kililia, na wiki ya pili mtu, ambaye kamati imeamua isimtafute, alikichomoa betri. Kampuni ilipaswa kujua tangu mwanzo kwamba karibu na jiko hufungwa kifaa kinachohisi joto badala ya kinachohisi moshi; walikubali kosa na kukibadilisha bila malipo, ila baada ya miezi miwili. Mama lishe mwenyewe walimfundisha mambo mawili ambayo sasa anayafundisha kwa wateja wake: mafuta yakiwaka hayamwagiwi maji, hufunikwa na gesi ikafungwa, na mtungi wa gesi ukivuja usitafute harufu puani tu, fungua mlango wa chini, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni.

Sehemu ninayoweza kuisifu bila masharti ni zoezi la kujiokoa. Mkufunzi alikuja jioni, saa ambayo watoto wa tuisheni wapo, na kabla ya kukusanya watu alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi wetu, mzee ambaye yupo hapa kabla ya wengi wetu kuhamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, umeme umekatika, moshi umejaa ngazi ya mbele. Hebu nifungulie mlango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ndio mlango wetu wa dharura, na una geti la chuma tulilolifunga kwa kufuli baada ya wezi kuingia na kuiba mita ya maji na pikipiki moja. Mzee alitoa bunda la funguo kiunoni. Mkufunzi aliwasha saa ya simu na kumzimia taa ya korido, akasimama kimya. Funguo zilikuwa nyingi, nyingine za kufuli ambazo hazipo tena, na mzee alizijaribu moja baada ya nyingine kwa vidole vilivyoanza kutetemeka, huku watoto wamepanga foleni nyuma yake wakicheka, kisha wakaacha kucheka. Geti lilifunguka baada ya dakika mbili na sekunde kumi. Mkufunzi hakumlaumu. Alitugeukia sisi wanakamati na kuuliza ni nani aliyeamua kwamba maisha ya watu wote wale yakae kwenye kiuno cha mtu mmoja, ambaye pia ana haki ya kwenda msalani.

Mabishano yaliyofuata yalichukua jioni tatu, kwa sababu woga wa wezi hapa mtaani ni wa kila siku na woga wa moto huja siku ya msiba wa jirani. Wenye maduka walitaka kufuli ibaki. Hatimaye fundi wa kampuni alitufungia komeo linalosukumwa kutoka ndani bila ufunguo na lisilofunguka kutoka nje, na pembeni pakazibwa kwa bati ili mkono usipenye kwenye nondo kulifikia. Lilitugharimu chini ya bei ya kujaza mitungi minne. Nondo za madirisha bado zipo, na ripoti yao ilipendekeza angalau dirisha moja katika kila nyumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mimi nimefanya kwangu. Majirani wengi hawajafanya, na kampuni haina uwezo wa kuwalazimisha.

Kuna jambo moja walilokataa kulifanya, na kukataa kwao kuliniongezea imani. Mfanyabiashara mmoja wa chini alikuwa ameanza kubomoa ukuta ili aunganishe fremu zake mbili, na tulimwomba mkaguzi aseme kama ni salama. Alijibu kwamba yeye ni mtu wa moto. Ukuta ule unabeba nini au haubebi nini ni swali la mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na vibali vya ukarabati viko halmashauri. Aliandika tu kwenye ripoti kwamba ukuta umeguswa na kazi isimame hadi mhandisi aje. Tulipeleka nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku ile ile. Kazi ilisimama.

Kwa jumla ninawapa nyota tatu kati ya tano: tano kwa mafunzo na ukaguzi, moja kwa ujazaji wa mitungi, na mbili kwa vifaa vya moshi, ingawa najua hesabu yangu haiendi sawasawa. Kamati inayofikiria huduma ya namna hii nashauri idai mitungi ifunguliwe na kupimwa mbele yake, na isikubali mtungi utoke ndoanoni bila mwingine kuwekwa pale pale.

Mkataba tumeuhuisha kwa mwaka mwingine baada ya kuongeza vifungu viwili, kimoja cha mitungi ya muda na kingine cha kukatwa malipo kwa kila siku ya kuchelewa. Zoezi lijalo mkufunzi amesema litakuwa saa saba usiku, siku ambayo ataichagua yeye. Mzee wa lindo ameshaniuliza mara mbili kama ninaijua tarehe, na nimemwapia kwamba hata mimi siijui.