Mwezi wa redio au mwezi wa Wasapu?

Ramadhani ikifika 29 tu ni vurugu, sikio kwenye redio na simu mkononi, kila mtu anasubiri kusikia kama mwezi umeandama.

Ukifuata redio unamsubiri Mufti, au Kadhi Mkuu kama uko Kenya, raha yake mtaa mzima mnakula Idi siku moja. Ila wanachelewaga bwana, saa ingine ushalala. Na wapo wasiowaamini kabisa, wanaona ni watu wa serikali: Kadhi yupo ndani ya katiba ya Kenya, Mufti wa Zanzibar anateuliwa na Rais, na Bakwata yenyewe, lile baraza la Waislamu Tanzania linaloongozwa na Mufti, ilizaliwa 1968, mwaka uleule serikali ilipoipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, wazee hilo hawajalisahau hata kidogo.

Wasapu ni fasta, Saudia wakitangaza tu grupu zima lishajua, afu ndugu wa Muscat anaingia anasema sisi bado tunafunga, hapo ndo matusi yanaanza, na kuna mtu lazima arushe picha ya mwezi wa mwaka juzi 😂

Mi kwa Idi ndogo nabaki na redio. Arafa ndo nahamia Wasapu, maana mahujaji wanasimama kulekule Saudia.