Ndege ya sarakasi ya rimoti: kikaratasi kinasema 70, mimi nimeishia 82

Haya wadau, mambo vipi, leo niko na ile ndege ya foamu niliyowaonyesha ikiwa bado kwenye boksi, ya sarakasi, mabawa mita 1, ukiweka betri ya seli 3 ya mAh 2200 inafika kama gramu 900 hivi. Nimeirusha asubuhi tano sasa na niseme mapema kabisa, ndege ni nzuri ila kikaratasi chake cha maelekezo kimeniponza.

Kinasema senta ya uzito, yani pale ndege inapobalansi pua na mkia, iwe milimita 70 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Nikaweka 70, ikapaa imetulia kabisa, nikajua nimepata. Sasa nikaipandisha mshazari, digrii 45, nikaigeuza tumbo juu nikaachia stiki... weee, pua ikadondoka kama embe! Hiyo ndo dalili ya pua nzito, yani ikiwa imepinduka muda wote unasukuma stiki mbele isije ikajichimbia kaburi.

Dawa yake sikuongeza kitu, nilisogeza betri nyuma, kidogo kidogo, narusha, naigeuza, nashusha, nasogeza tena, mpaka betri imerudi karibu sentimita 6 na senta imeishia 82. Sasa ukiigeuza inashuka taratiiibu, hivyo ndo napenda mimi. Ila msipitilize, mkia ukizidi uzito eleveta, kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua, inakuwa na kiherehere, ukigusa tu inaruka, na kutua ndo majanga.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawagusi, balansi ya bawa kwa bawa. Ngoja nisogeze kamera. Oneni, vidole viwili nashika shafti ya mota, huku nyuma kidole kimoja chini ya mkia, naiachia... mnaona la kushoto linavyolala? Narudia. Kushoto tena. Ndo maana kila nikipiga duara ilikuwa inachepukia kushoto na mimi nalaumu kusi bure! Nikachukua chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, nikaigonga na nyundo ikawa bapa, gramu 5, nikatoboa foamu kwenye ncha ya bawa la kulia nikaizika humo, selotepu juu, basi. Hela yake haifiki hata soda.

Mota nayo. Ukipanda wima throto yote, ilikuwa inavuta kushoto, nikaweka washa moja nyembamba, kile kipete bapa cha skrubu, nyuma ya mota upande wa kushoto ili iangalie kulia kidogo, ikanyooka. Hili lifanye mwisho, uzito ukishakaa sawa, na uchague asubuhi isiyo na upepo, vinginevyo utakuwa unarekebisha upepo. Trimu za kwenye rimoti, vile vitufe vya kunyoosha ndege ikiwa inavuta upande, ni za kukusaidia hukohuko angani tu, ukitua zungusha kile kichuma cha mwisho wa waya wa servo, yani kimota kinachosukuma vibao vya bawa na mkia, mpaka trimu irudi sifuri.

Kununua? Kama ndo unaanza, hapana, itakutoa machozi. Kama tayari unarusha bila kuikimbiza ndege kwa macho ya hofu, chukua. Kinachoniudhi ni servo, gia zake plastiki, ya eleroni moja, kibao cha nyuma ya bawa, imeshang'oka meno kwa kutua vibaya mara moja tu, nimeweka ya gia za chuma, na propela ya akiba boksini hamna kwahiyo agiza mbili kabisa. Kuruka ubavu nitarekodi kesho, leo upepo umeshaanza, mnausikia kwenye maiki.