Taa ya mbele imezimika: balbu ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hata senti, fungua boneti ubadilishane balbu: ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Giza likihama pamoja na balbu, balbu imekufa, kanunue nyingine. Likibaki upande ule ule, balbu mpya haitakusaidia kitu; mkosaji ni fyuzi, soketi au eathi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari). Na zikizimika zote mbili kwa mpigo, anza na fyuzi, relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na swichi ya taa, kwa sababu ni nadra sana balbu mbili kufa siku moja. Usidanganyike pia ukiona fulu (mwanga wa mbali) inawaka na dimu (mwanga wa karibu) haiwaki. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani, wa dimu wati 55 na wa fulu wati 60, na mmoja ukikatika mwenzake huendelea kama kawaida.

Ukiitoa, angalia soketi yake. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka, au vichwa vya waya vimelegea na kufanya weusi, ununuzi wako wa kwanza ni soketi ya kauri yenye vipande vyake vya waya. Balbu itafuata. Ukiweka mpya kwenye soketi iliyoungua utarudi dukani mapema, utamlaumu muuzaji bure.

Sasa namba. Imeandikwa kwenye kitako cha balbu: H1, H4, H7, H11, HB3, HB4. Nunua hiyo hiyo, maana vitako havifanani na havilazimishwi. Gari moja linaweza kuwa na H7 kwenye dimu na H1 kwenye fulu, kwa hiyo soma ile uliyoitoa, usikisie kwa kuangalia gari la jirani. Tafuta pia herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Namba hiyo ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Feki nazo hubandikwa alama, basi iinue balbu usawa wa macho. Uzi uwe umenyooka, kitako kisiwe kimepinda. Kwenye H4 utaona kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu. Hicho ndicho kinachozuia mwanga usiruke juu kwenye macho ya anayekuja. Kikombe kikikaa upande, dimu yako itakuwa kero kwa wenzako hata kama inang'aa vizuri.

Chaguo langu la kwanza, na kwa watu wengi ndilo la mwisho, ni halojeni (balbu ya uzi unaowaka ndani ya gesi) ya kawaida, ya kampuni inayojulikana, wati zile zile za mwanzo. H7 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 1500, H4 kama 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu. Taa ilichorwa kwa ajili ya hiyo. Haina mbwembwe, inapatikana, na ikifa unajua uanzie wapi.

La pili ni halojeni ya maisha marefu. Uzi wake huwaka kwa joto la chini kidogo, hivyo mwanga una umanjano zaidi lakini unadumu. Kama gari lako huwasha taa hata mchana, au kubadili balbu kunamlazimu fundi kufungua bampa, ipandishe iwe ya kwanza.

La tatu ni zile zenye maandishi makubwa kwenye boksi, +100 au +150. Ni halali na ni nzuri kwa anayesafiri sana usiku, lakini elewa unachonunua. Lumeni zake zinabanwa na kiwango kile kile cha halojeni nyingine. Kinachofanyika ni uzi kukazwa uwe mdogo ili mwanga mwingi uangukie sehemu fulani ya barabara. Asilimia iliyoandikwa ni ya sehemu hiyo tu. Malipo yake ni umri: hufa mapema.

Nne, kwa mbali, ni balbu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni. Muuzaji ataiwasha kwa betri juu ya kaunta, utafumba macho, utasema hii ndiyo. Tatizo liko ndani ya taa. Rifleta, yaani kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele, ilipigiwa hesabu kwa uzi mwembamba unaong'aa pande zote, na LED ni vipande bapa vinavyong'aa pande mbili. Vikikaa milimita chache pembeni, mwanga unatawanyika: unaona mbele ya bampa pameng'aa sana, mbali ni giza, na anayekuja anakuwashia fulu kukulalamikia. Nchi nyingi haziziruhusu. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kuidhinisha baadhi, tena kwa modeli za magari zilizotajwa tu. Kuna pia feni ya kupoozea nyuma ya balbu inayoweza kugoma kuingia kwenye kifuniko, na dashibodi inayosema balbu imekufa ilhali inawaka.

Za bluu sitazipa nafasi. Halojeni iliyopakwa rangi huchuja mwanga wake yenyewe, unalipia zaidi upate pungufu. Mbaya kuliko zote ni wati 100. Ya wati 55 hula ampea kama 4.6 kwenye volti 12, ya 100 hula 8.3. Joto kwenye waya na soketi hupanda zaidi ya mara tatu, na hapo ndipo soketi zinapoyeyuka na rifleta kubabuka.

Wenye zenoni ya kiwandani (balbu inayowaka kwa gesi, bila uzi) hawana ubishi huu. Nunua namba ile ile, D1S kwa D1S. D3S inafanana nayo sana ila hutumia volti kama 42 badala ya 85, hivyo haziingiliani. Ikianza kuwaka pinki au kuzima na kurudi, balbu imezeeka. Ukibadilishana pande na tatizo halikuhama, shuku balasti, kile kifaa kinachoipa balbu umeme. Zima taa kabisa kabla hujagusa, kwani balasti hurusha zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha. Na kama taa ni LED ya kiwandani, mara nyingi hakuna balbu ya kununua, ni taa nzima. Ukichukua iliyotumika, hakikisha inatoka kwenye gari la nchi inayoendesha upande ule ule wa barabara kama yenu, la sivyo dimu itapanda upande wa wanaokuja.

Nunua mbili kwa pamoja. Zilianza kazi siku moja, na ya pili kwa kawaida haichelewi kumfuata mwenzake, tena pande mbili zitalingana mwanga. Shika kitako, usishike kioo. Mafuta ya vidole hufanya doa la moto. Ukishafunga, simamisha gari mbele ya ukuta gizani, uwashe dimu. Mstari wa juu wa mwanga uwe mkali na pande zote mbili zilingane kimo. Upande mmoja ukipanda, balbu haijakaa kwenye vishikio vyake. Itoe uirudishe kabla hujagusa skrubu za kulenga taa.