Task Manager, Activity Monitor ama htop? Mie nshazitumia zote

Saiba yetu hapa Majengo ina Windows nne, Mac moja kuukuu na Linux ya kaunta, basi kutwa kazi yangu ni kuua, yani kuzifunga kwa nguvu, programu zilokwama na hili joto juu yake, na hizo tatu ndo vyombo vya kuzionea na kuziulia. Task Manager ya Windows ndo rahisi, Ctrl+Shift+Esc ishafunguka, na tangu Windows 8 hata zile programu zinazojiwasha zenyewe wazizima humo humo. Activity Monitor ya Mac yapendeza, grafu ya memori ikiwa kijani we kunywa kahawa yako, ikiwa nyekundu ujue kwishaa. Ila asilimia zake za prosesa zakoroga watu, juzi mzee mmoja kaona 180% kashtuka, "mwanangu, hii yataka kulipuka?" nkamwambia hapana mzee wangu, prosesa ina kori kadhaa, ndo sehemu zake za kufanyia kazi, na hapa kila kori yahesabiwa 100% peke yake, Windows ndo huzijumlisha zote ziwe 100% moja. htop ya Linux nayo yahesabu kama Mac. Na htop wallahi ndo kipenzi changu, nyepesi, F6 wapanga orodha ya programu, F9 waua, haina madoido, shida yake Linux nyingi lazima uiinstoli kwanza, inayokujaga nayo ni top, na ile top kwa kweli hainibambi.