Terminali ya Bloomberg: mashine ya kukodi kwa dola 30,000 kwa mwaka, na meya aliyetoka ndani yake

Mwaka 1966 Michael Bloomberg, kijana wa Medford, Massachusetts, aliyesomea uhandisi wa umeme, aliingia Salomon Brothers, benki ya uwekezaji ya New York. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu hatifungani (hati za deni) za karatasi kwa mkono, ndani ya chumba cha kuhifadhia. Mwaka 1972 akawa mbia. Mwaka 1979 akasukumwa pembeni hadi idara ya kompyuta, na 1981 kampuni iliponunuliwa akaachishwa kazi, umri miaka 39, na dola milioni 10 zake mkononi. Yaani alikuwa ameonja biashara ya hatifungani na kazi ya kompyuta, na aliliona pengo: hisa zina bei inayotangazwa sokoni, lakini hatifungani zilikuwa zikiuzwa kwa simu, na dalali pekee ndiye aliyejua bei inasimama wapi. Akiwa na wenzake watatu akajenga mashine ya kuliziba pengo hilo, kompyuta ya kuonyesha na kupiga hesabu za bei: ndiyo terminali hii. Benki ya Merrill Lynch walichukua za mwanzo, na baadaye wakalipa dola milioni 30 kwa asilimia 30 ya kampuni.

Asili hiyo bado inaonekana ukikaa mbele ya skrini leo. Ubora wa terminali uko kwenye hatifungani. Mengine yote yamekuja baadaye.

Chukua hatifungani ya dola bilioni 1.5 ambayo Kenya iliuza Februari 2024: kuponi (riba ya mwaka) ya asilimia 9.75, na mwekezaji akapata asilimia 10.375 kwa sababu alilipa chini ya dola 100 kwa kila dola 100 za deni. Inaitwa ya mwaka 2031, lakini deni lenyewe linalipwa kwa mafungu matatu yaliyo sawa, 2029, 2030 na 2031. Anayeipigia hesabu kwenye Excel kana kwamba mtaji wote unarudi 2031 atakosea, na kosa hilo hutokea sana. Kwenye terminali unaitafuta kwa jina KENINT, unachagua toleo, unaandika YAS (ukurasa wa kupigia hesabu ya faida), unabonyeza GO. Unaweka bei, inakupa faida ya mwaka ukiishika hadi malipo ya mwisho; unaweka faida, inakupa bei; na ratiba ya malipo tayari imo ndani ya hesabu. Kwa meza ya hazina ya benki, au mfuko wa pensheni unaoshika hatifungani za dola, kazi hii peke yake inatetea sehemu kubwa ya gharama.

Kwa hisa za kwetu hali ni nyingine. Safaricom ni SAFCOM KN, kisha kitufe cha njano cha EQUITY (F8), kisha GO. CRDB ya Dar es Salaam hubeba TZ mahali pa KN. Wanaoanza husahau herufi hizo mbili za soko, au hubonyeza GO kabla ya kitufe cha njano, wakaletewa kampuni nyingine kabisa. Baada ya hapo DES inatoa maelezo ya kampuni, FA mahesabu yake, DVD gawio, GP mchoro wa bei. Usiishie kwenye GP. Fungua HP uone tarehe na idadi ya hisa zilizouzwa kila siku, kwa kuwa kwenye masoko yetu kuna hisa zinazokaa siku kadhaa bila kuguswa, na bei inayong'aa kwenye skrini ikawa ya wiki iliyopita. Bei za papo hapo za baadhi ya masoko hulipiwa kando. Bila hivyo zinachelewa.

Kibodi inatisha kwa siku mbili tatu tu. Kijani ni kutenda, nyekundu ni kughairi, njano ni aina ya soko. HELP ukiibonyeza mara moja inafungua maelezo ya ukurasa uliopo. Mara mbili mfululizo, anakuja mtu wa kuandikiana naye, saa yoyote. Huduma hiyo ni ya kweli na inajibu vizuri. Mtumiaji mpya aiegemee bila aibu.

Sasa mkataba. Terminali haiuzwi, inakodishwa, kwa kawaida miaka 2, na gharama ya kiti kimoja inazunguka dola 30,000 kwa mwaka. Kuingia kunafungwa kwa mtu mmoja, kwa alama ya kidole, kwa hiyo ofisi inayodhani watu wanne watapokezana jina moja la kuingilia itakwama. Data za kuvuta kwenye Excel zina kikomo: karatasi yenye maelfu ya fomula za BDH (za kuvuta bei za zamani) inayojisasisha kila inapofunguliwa huumaliza mgao haraka. Vuta mara moja, hifadhi namba, zima fomula.

Hatari nyingine ni kutegemea bomba moja. Tarehe 17 Aprili 2015 mtandao wa Bloomberg ulizimika kwa saa kadhaa, na Uingereza ikaahirisha mnada wa deni la pauni bilioni 3. Mazungumzo ya madalali yanapita humo humo, kwa hiyo mashine ikinyamaza, bei na mazungumzo yote vinanyamaza. Na 2013 ilibainika kuwa waandishi wa Bloomberg News, shirika la habari la kampuni hiyo, waliweza kuona lini wateja waliingia kwenye mashine zao. Kampuni iliomba radhi na kuufunga mlango huo.

Habari za ndani ya terminali ni nzuri sana kwa masoko, isipokuwa zinapomgusa mwenye kampuni. Bloomberg alikuwa meya wa New York kuanzia Januari 2002 hadi Desemba 2013, kwa mshahara wa dola 1 kwa mwaka. Aliondoa ofisi za kujifungia pale City Hall, makao ya serikali ya jiji, akakaa na wasaidizi wake kwenye ukumbi mmoja wazi kama wa madalali. 2003 akaanzisha namba 311 ya malalamiko yote ya jiji. Imani yake kwa takwimu ilimponza pia: mwaka 2011 polisi wa jiji walisimamisha watu barabarani kuwakagua zaidi ya mara 685,000, wengi wao weusi na Walatino, na 2013 jaji akaamua utaratibu huo ulivunja katiba. Alipogombea urais, Bloomberg News ilitangaza Novemba 2019 kwamba haitamchunguza yeye wala wapinzani wake wa chama cha Democratic. Alitumia zaidi ya dola bilioni 1, akashinda Samoa ya Marekani peke yake, akajitoa Machi 2020. Kwa siasa zake, soma gazeti lingine.

(Sehemu ya fedha za mashine hii imefika Kigoma: tangu 2006 taasisi yake ya hisani imesaidia kufundisha wahudumu wasio madaktari kufanya upasuaji wa uzazi kwenye vituo vya afya.)

Dalali anayeshughulika na masoko ya hisa ya Nairobi (NSE) na Dar es Salaam (DSE) tu asiikodi. Ripoti za kila siku za masoko hayo na matokeo ya minada ya benki kuu yanatosha, na LSEG Workspace, mfumo mshindani wa data za masoko, ni nafuu zaidi akihitaji upana. Mwanafunzi ambaye chuo chake kina terminali aanze na BMC (Bloomberg Market Concepts), kozi ya wanaoanza iliyomo ndani, amalize sehemu ya hatifungani kabla ya ile ya hisa.