Kozi fupi ya uandishi wa habari Mbeya: nenda kwa ajili ya mwalimu, sio cheti

Watu wamenijia inbox wanauliza ile kozi fupi ya uandishi wa habari pale Mwanjelwa ikoje, basi niandike mara moja yaishe. Jina la kituo silitaji mana malalamiko ninayo, wanaokijua wameshakijua. Ada ni laki na nusu, madarasa ya jioni, na darasani wengi ni watangazaji wa redio za huku na vijana wenye chaneli za YouTube.

Kiukweli ile kozi imebebwa na mwalimu mmoja tu, mzee aliyestaafu uhariri. Kitu cha kwanza alichokataza ni kuanza stori na mheshimiwa. Si mnazijua habari zetu, mkuu wa wilaya amewataka wananchi, katibu tawala naye amewataka, unasoma mpaka mwisho hujui kilichotokea ni nini. Yeye anataka nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi, alafu lile zito likae juu na madogo madogo yashuke chini, ili mhariri akikosa nafasi akate kuanzia mkiani na stori bado ieleweke. Ndo hiyo piramidi iliyogeuzwa, maelezo yake yamejaa mtandaoni bure, ila kukaa unaandika huku mzee amesimama nyuma yako hutayapata bure.

Kuna dada wa Uyole alileta stori ya viazi, imeanza hivi: "Kikao cha wadau wa zao la viazi mviringo kimefanyika jana..." Mzee akasoma kimya akashuka mpaka aya ya mwisho, pale mkulima anapolalamika kuwa wanunuzi wanajaza lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba likapita kipimo, na yeye analipwa bei ya gunia moja. Akaizungushia kalamu nyekundu, akavuta mshale mpaka juu kabisa. Alafu maswali yakaanza: binti yangu, kisheria gunia lisizidi kilo ngapi? Mia moja. Hilo ulilolikuta shambani limepimwa? Kimya. Mnunuzi umemsikia? Wakala wa Vipimo umewapigia? Dada akarudishwa kazini, alipokuja tena stori ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, imeanza na mkulima na kilo zake, mnunuzi naye ana sentensi zake mbili anasema lori linalipwa kwa idadi ya magunia na sio uzito, na kikao kimebaki kamstari kamoja huko chini. Mi hapo ndo niliona hela yangu inafanya kazi.

Sasa mabaya. Rekoda ziko chache mpaka watu wanarekodia simu zao, umeme ukikatika somo la sauti limekufa, na ile ziara ya studio waliyoitangaza kwenye bango haijawahi kutokea. Sheria wamepita juu juu mno, wakati darasa limejaa watu wanaotaka kufungua TV za mtandaoni ambao walitakiwa waambiwe mapema habari za leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano.

Na hili la cheti mlisikie vizuri. Kanuni za 2017 zilizotungwa chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ziliweka diploma kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari, kwahiyo cheti cha jioni hakikupi kitambulisho cha uandishi hata ukikilaminisha. Pale mapokezi hawakuambii hivyo, wanakuambia "utatambulika".

Kama uko kwenye redio tayari, au afisa habari wa halmashauri, au unataka tu kujua kuandika habari ikaeleweka, lipa uende, ila ulizia kwanza kama mzee bado anafundisha. Ile laki na nusu haijaniuma. Inayoniuma ni elfu kumi ya "vifaa" waliyoichukua juu yake, hiyo nawadai mpaka leo.