Huduma ya maandalizi ya intavyu kwa wanachuo: nimepita hatua zote, maoni yangu haya hapa

Wadau, nimemaliza ile huduma ya maandalizi ya intavyu inayotolewa na ofisi ya ajira chuoni kwetu kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, upande wa kazi na upande wa masta pia, na kwa vile watu wananifuata inbox kuuliza kama inafaa au ni kupotezeana muda nimeona niandike mara moja tu. Inafaa, tena sana, naipa nyota 4 kati ya 5, ila thamani yake karibu yote imo kwenye vipande viwili, intavyu ya majaribio ana kwa ana na paneli ya walimu, na hivyo vingine ukiviruka hupungukiwi sana.

Kuna semina ya pamoja, kuna karatasi ya maswali, kuna programu ya kompyuta ya kujirekodi, halafu kuna intavyu ya majaribio ana kwa ana. Wale wa masta na PhD hiyo ya mwisho wanafanyiwa na paneli ya walimu.

Semina sina la kusema sana. Wanafundisha ule mtindo wa STAR, yaani ukiulizwa "tuambie siku ulipokutana na tatizo" unaeleza hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Ni kitu kizuri na unakielewa haraka, muda uliobaki ni mifano tu.

Karatasi ya maswali ndiyo siipendi kabisa, na nasema hivi kwa sababu naona inavyoumiza watu. Maswali yenyewe hayana shida, shida ni kwamba wameweka na majibu ya mfano, sasa darasa zima linakariri. Ukiuliza udhaifu wako ni nini kila mtu anakwambia "napenda kila kitu kiwe sawasawa mpaka najichosha", msaili ameshalisikia hilo jibu mpaka amechoka nalo, na ukishaanza kukariri swali likigeuzwa kidogo tu unapotea njia. Wangeyatoa yale majibu wakabakiza maswali peke yake karatasi ingekuwa nzuri zaidi.

Sasa njoo kwenye majaribio ana kwa ana, hapa ndipo pesa ilipo. Mkufunzi anakuja na CV yako ameshaisoma na ana fomu ya maksi, maswali ya msingi ni yale yale kwa kila mtu anayeomba kazi ya aina moja. Wengine walilalamika eti yuko kama roboti, hatabasamu, anaandika tu. Jamani ndivyo waajiri makini wanavyofanya! Intavyu yenye maswali yaliyopangwa na maksi zilizowekwa mapema ndiyo inayotabiri vizuri nani ataiweza kazi kuliko ile ya kupiga stori, hata uchambuzi mkubwa wa tafiti uliofanywa na mtafiti Sackett na wenzake mwaka 2022 uliikuta ipo juu kabisa ya njia nyingine za kuchagua watu. Kwa hiyo zoea kuongea na mtu ambaye uso wake haukwambii kitu, siku yenyewe usije ukadhani umeshakosa kazi.

Tulikuwa tunaruhusiwa kukaa nyuma kuangalia mwenzetu kama mwenyewe amekubali, na kuna dada mmoja wa takwimu nilimwangalia nikajifunza kuliko semina nzima. Kaulizwa kuhusu mradi wake wa mwisho, kaanza vizuri, "tulifanya utafiti, tukakusanya data, tukachambua, tukapata matokeo mazuri". Mkufunzi akamwacha amalize halafu akaanza kuchimba polepole: mlihoji watu wangapi, nani aliandika dodoso, majibu yaliyokosekana mliyafanyaje, nani aliamua hivyo, wewe ulikuwa na maoni gani. Ikaja kujulikana kumbe dada ndiye aliyegundua kwamba fomu nyingi za eneo moja zina majibu yanayofanana mno, akawashawishi wenzake warudi kuhoji upya. Hicho ndicho alitakiwa aanze nacho! Alikuwa amekificha kwa adabu, anaona kujitaja ni kujisifu. Halafu wakamrudishia video ya intavyu yake, kwanza bila sauti, akajiona kila anapojizungumzia yeye mwenyewe anaangalia mezani na anazungusha kiti. Hakuna aliyemwambia kitu, ameona mwenyewe. Raundi ya pili akawa mtu mwingine, sauti imetulia, hadithi imeanzia kwenye zile fomu, na mkufunzi safari hii alikuwa anaandika bila kusimama.

Paneli ya walimu kwa wanaoenda masta na PhD nayo ni dhahabu na watu wengi hawajui hata kama ipo. Hawa wanasoma barua yako ya maombi kabla hujaingia, na swali la kwanza linatoka humo humo: umeandika unataka kufanya kazi na profesa fulani, umesoma makala yake ipi, na ni wapi hukubaliani naye? Nimeona watu wanakauka hapo. Mwajiri anataka kujua utamfanyia nini, paneli inataka kuona unavyofikiri pale majibu yanapogoma kutoka, kwa hiyo kule kwenye semina unaambiwa usionyeshe kusita lakini hapa ukisema "hilo sijalisoma ila ningeanza kuangalia hivi" unapata maksi kuliko anayebuni. Halafu wanakufundisha kuuliza na wewe, kitu ambacho wengi tunaona kama utovu wa nidhamu: supavaiza ana wanafunzi wangapi sasa hivi, huwa wanamaliza kwa muda gani, ufadhili unaisha lini. Hayo maswali yanaamua maisha yako ya miaka kadhaa, uliza.

Wanaoomba udaktari wana kipindi chao cha MMI (Multiple Mini Interview, yaani intavyu fupi fupi nyingi), ule utaratibu ulioanzia McMaster University kule Kanada ambapo unazunguka vituo, unasoma hali fulani kwa dakika kama 2 mlangoni kisha unaingia kujadili dakika chache na msaili mwingine kabisa. Nilikaa nje nikisubiri rafiki yangu, anasema faida kubwa ni kwamba ukiboronga kituo kimoja unajifunza kukiacha pale pale.

Programu ya kompyuta sasa. Inakupa swali, sekunde 30 za kujiandaa, kamera inawaka unajibu peke yako. Kwa hilo naisifu maana kampuni nyingi hatua ya kwanza sasa hivi ni video ya namna hiyo, na kuongea na skrini isiyokujibu ni kazi kweli, inabidi uzoee, uinue laptopu kamera ifike usawa wa macho, mwanga uwe mbele yako. Lakini ile ripoti yake ya mwisho inayokupa asilimia za tabasamu na za kutazama kamera ipuuze. HireVue wenyewe, ambao ni wakubwa kwenye biashara ya intavyu za video, walitangaza Januari 2021 kwamba wameachana na kuchambua sura za waombaji, sasa sisi tunafundishwa kumchekea nani? Kuna mtu nilimwona anarudia rekodi yake upya ili tu asilimia ya tabasamu ipande na jibu lenyewe halina kitu ndani, nilisikitika.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya muda. Huduma inafunguliwa muhula wa pili, wakati maombi mengi ya PhD Marekani yanafungwa kati ya Desemba na Januari na makampuni makubwa yanaanza kuchukua watu mapema tu. Anayehitaji paneli ya walimu anaipata akiwa ameshajibiwa na vyuo! Tumeshawaandikia kwenye fomu ya maoni, naomba na nyie mnaofuata mwandike hivyo hivyo maana wakiona malalamiko ni ya wengi watasogeza.

Kwa anayetaka kwenda: ukijaza fomu usiandike "intavyu" tu, taja ni kazi gani au kozi gani, ambatanisha tangazo lenyewe na barua yako ya maombi, vinginevyo utapewa maswali ya jumla. Omba video yako uondoke nayo, hawakupi mpaka uombe. Na kama una nafasi ya kukaa nyuma kumwangalia mwenzako kwa ridhaa yake, kaa.